Inchi Mbili

Bunduki yenyewe ya bei chee,
mtutu mmoja, risasi moja, basi.
Mjomba Nampunju aliinunua Nachingwea
mwaka ule korosho zilipolipa,
na alipokufa ikalala miezi tisa
kituo cha polisi Liwale, kikaratasi shingoni,
kama mzigo uliosahauliwa stendi.
Nilisaini mara saba.
Askari akaniuliza, "Ya mume wako?"
Nikamwambia, soma jina.
Akasoma polepole: Somoe Ally Chinduli.
Akagonga mhuri.

Kitako kilikuwa kirefu kama lawama.
Nikiinua, kinakwama kwapani.
Nikifyatua, kinanipiga palepale
bega linapobebea kuni.
Nikapima kwa shubiri, nikapima tena,
maana mbao haijui samahani.
Inchi mbili. Msumeno wa Fundi Mkuwele
ukalia kwenye mninga, unga mwekundu
ukaniangukia miguuni kama ugoro.
Kile kipande sikukitupa.
Kinazuia mlango wa jikoni mpaka leo.

Palipokatwa nikagandisha soli ya kandambili,
ya mguu wa kushoto; ya kulia aliondoka nayo mbwa.
Kitakoni nikakivisha mpira wa baiskeli,
risasi tatu zikasimama humo bega kwa bega
kama watoto kwenye foleni ya uji.
Mbao nikaipaka nta ya nyuki.
Chuma nikakipaka masizi ya sufuria,
kwa sababu kanga ana macho:
kitu kikimetameta tu, keshapiga yowe,
na kundi zima limekwenda.
Shabaha ya mbele ilikuwa imeng'oka.
Nikaweka punje ya shaba ya kufuli bovu,
juu yake rangi ya kucha, nyeupe,
ya mwanangu Zamoyoni,
aliyeninunia siku mbili.
Na mkanda? Mkanda ni pindo la kanga.
Ndiyo, nilicheka peke yangu.
Maandishi yalikatwa na mkasi, yakabaki:
HAZAI UGENINI.

Nikachora kichwa na shingo kwenye mfuko wa saruji,
nikahesabu hatua thelathini.
Marisau yakatapakaa kama mtama
uliomponyoka mtoto. Shingoni, mawili.
Hatua ishirini na tano, manne.
Ishirini, kumi na moja.
Basi nikajua: hii si bunduki ya mwenye haraka.

Kisha akaja kaka yangu Mchopa, kutoka Mtwara mjini,
viatu vya ncha, mashemeji wawili wa kushuhudia.
"Silaha ni mali ya wanaume,"
hata maji hajanywa.
Sikubishana.
Nikaikunja, nikamwonyesha tundu tupu, nikampa.
Akainua. Dole gumba likamgonga pua.
Akajivuta nyuma, akapinda shingo, akapanua kiwiko,
akawa kama mtu aliyevaa shati la mwanawe.
Shemeji mmoja akaanza kuhesabu mabati.
"Umeiharibu," akasema Mchopa.
Nikasema, "Ndiyo. Chai ipo mezani."

Alfajiri niliwaacha wamelala.
Kibali ndani ya nailoni, nailoni ndani ya sidiria.
Nikajilaza ukingoni mwa shamba la ufuta uliovunwa,
tumbo kwenye umande, kitako kimenikaa begani
kama kichwa cha mtoto mwenye usingizi.
Wakaja kwa kelele zao za kisherehani kibovu,
kumi, kumi na wawili, wakiparura, wakigombana.
Hatua arobaini. Sikupumua.
Thelathini. Siafu akapanda kifundoni, nikamwachia.
Jogoo wao akainua shingo ya buluu,
akanitazama, au akatazama kile kitone cheupe.
Ishirini.

Mchana Mchopa aliramba vidole.
Aliongezewa mchuzi, akaongezewa ugali,
hakutaja urithi, hakutaja wanaume.
Mara taya likasita.
Akatafuta kwa ulimi, akatema kwenye kisosi
punje moja ya risau.
Ting.
Tuliisikia wote.
Zamoyoni akanyanyuka kwenda jikoni kuleta maji,
akasogeza kile kipande cha mninga kwa mguu.